Sikuchubua Rangi ya Mtu

Kwa miaka yote niliyofanya kazi watu waliniita mchubuaji, na wengine walilitamka neno hilo kama wanavyotamka mchawi. Sasa nimestaafu. Saluni nimewaachia wasichana wawili niliowafundisha mwenyewe, na ndio walioniomba niandike haya. Sitawaambia niliingiza pesa ngapi wala nilijenga wapi, maana hayo hayamfundishi mtu kushika uso wa mwenzake. Ila hili la jina tulimalize kwanza. Lugha yetu ina neno moja kwa kazi mbili. Anayejipaka sumu ili awe mweupe tunasema anajichubua. Anayeondolewa ngozi iliyokufa juu ya makovu ya chunusi, naye tunasema amechubuliwa. Mimi nilifanya ile ya pili. Ile ya kwanza niliikataa mbele za watu, na walionichukia kwa sababu hiyo nawajua kwa majina. Sikuwaomba radhi wakati ule na siwaombi leo.

Nilianza Homa Bay, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msichana aliyetoka shule ya bweni huko Asumbi akijua kusuka na kuimba kwaya, basi. Aliyenipokea aliitwa Mama Yunia. Alikuwa mjane aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi kwa daktari wa ngozi, akimshikia vyombo na kuwatunza wagonjwa baada ya matibabu. Daktari alipofunga kliniki, Mama Yunia akarudi nyumbani na kufungua saluni kwenye barabara inayoshuka ziwani. Chumba cha mbele kilikuwa cha nywele. Nyuma ya pazia kulikuwa na kiti kimoja cha kumlaza mtu, na hapo ndipo alipofanyia kazi yake mwenyewe. Siku ya kwanza nilifika nikidhani nitapewa chanuo. Akanipa stuli.

"Kaa hapo uangalie."

"Niangalie nini, Mama?"

"Nyuso. Nywele utaziona baadaye, hazikimbii."

Nikakaa. Kila mteja alipotoka, Mama Yunia alinigeukia: mafuta yako wapi kwenye uso ule? Wapi ni pakavu? Doa lipi ni la zamani na lipi limekuja juzi? Mimi nilikuwa najibu kwamba yule dada ni mzuri, ana macho makubwa. Alinikata mara moja. "Unaniambia anavyopendeza. Sikukuuliza hilo."

Nilipoanza kujibu vizuri, akanilaza mimi kwenye kile kiti. Alisema hakuna msichana wake atakayempaka mtu asidi, ile dawa ya kuondoa ngozi iliyokufa, kabla hajaisikia mwenyewe. Alijaribu tone nyuma ya sikio langu kwanza, akanirudisha nyumbani, na alipoona hakuna kilichovimba ndipo akanipaka usoni kwa brashi. Ilikuwa kama siafu wametembea kwenye mashavu wakasimama. Alinipepea kwa kipande cha katoni, macho yake hayakutoka kwenye ngozi yangu. Saa ya ukutani ilikuwepo lakini hakuiangalia. "Saa haijui ngozi ya mtu," alisema. "Ukiona weupe kama ukungu unaanza kutanda, ujue umechelewa." Halafu akaniosha kwa maji yenye soda ya kuokea, na siafu wakaondoka.

Siku chache baadaye ngozi ikaanza kutoka kama ya kitunguu. Mama yangu mzazi aliponiona aliweka mikono kichwani.

"Yawa, Pamela! Nani amekumwagia mafuta moto?"

"Hakuna, Mama. Ni kazi."

"Kazi gani inakula uso wa mtu?"

Jibu lilikuja lenyewe ngozi ilipokwisha kutoka. Alinishika shavu pale chunusi zilipokuwa zimeacha mashimo, akapapasa, akaguna. Baadaye kidogo akamtuma rafiki yake wa kanisani aje kwetu saluni, na yeye alipoulizwa alisema hajui habari hizo.

Vyombo havikuwa vingi. Bakuli lilikuwa la kauri, kwa sababu asidi inakula bati. Brashi zilikuwa laini, pamba nyingi, na chupa zilifungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake Mama Yunia aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Lakini alinifundisha kwamba ya kwenye kiti ni sehemu ndogo tu ya kazi. Iliyobaki mwanamke anakwenda kuifanya nyumbani, na ngozi mpya ni kama ya mtoto mchanga. Haitaki jua, haitaki moshi, haitaki sabuni ya manukato, haitaki kucha. Inataka maji safi, mafuta ya mgando yasiyo na harufu, na ikibidi kutoka nje, kofia pana na ile dawa nyeupe ya zinki wanayopakwa watoto waliobabuka na nepi. Krimu za kuzuia jua zilikuwa Kisumu kwenye vioo vya maduka, na kwa bei yake zikabaki huko.

Kwa hiyo kabla ya kumgusa mtu tulimhoji. Unapikia kuni? Nani atakaa jikoni wiki hiyo? Unaanika omena? Kulikuwa na mama mmoja mwanika omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye Mama Yunia alimrudisha mara kadhaa, mpaka alipokuja na dada yake mkono kwa mkono, na dada akaapa kwamba ataanika kwa niaba yake. Wanaume nao walikuja, wenye vipele vya ndevu. Askari mmoja, mtu mrefu wa kutisha, alitoa machozi kabla brashi haijamfikia. Baadaye alitembea na kofia yake vizuri kila siku, na nadhani mkubwa wake wa kazi hakujua kwa nini.

Watu wa kanisa walitusema. Kiongozi mmoja wa akina mama alisimama mlangoni kwetu akauliza kwa nini tunasahihisha kazi ya Mungu. Mama Yunia alikuwa anafua taulo. "Wewe asubuhi hupigi mswaki?" akamwuliza, akaendelea kufua.

Macho yake yalipoanza kuona kiza aliifunga ile sehemu ya nyuma ya pazia, maana hakutaka kumpaka mtu asidi kwa kubahatisha. Mimi nilikuwa nimeolewa Migori. Akanipa bakuli na brashi, akanibariki, nikaenda kufungua saluni yangu, na wateja wakanipa jina la Nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay.

Migori haikuwa kama nilikotoka. Mpaka uko karibu, na soko lilijaa sabuni na krimu ambazo hata aliyeziuza hakujua zimetengenezwa wapi. Mama mmoja wa Macalder, mchekecha dhahabu, aliiona sabuni ya namna hiyo mkononi mwa mteja wangu, akamwomba amsomee maneno ya kwenye pakiti. Aliposikia neno zebaki alicheka mpaka akakaa chini. "Sisi kule tunaikamatia dhahabu na tunaambiwa tusiishike na mikono mitupu," alisema. "Nyinyi mnaoga nayo!"

Kila wiki niliombwa kitu kilekile: niwafanye brauni, yaani weupe. Mwishowe nikamwita mchoraji wa mabango, akaniandikia mlangoni kwa herufi nyekundu: HAPA HATUFANYI MTU BRAUNI. Wateja wengi walisoma wakapita. Mume wangu alisema nimejifungia duka mwenyewe. Nikamwambia duka liko wazi, kilichofungwa ni upuuzi.

Siku moja akaja mama mmoja muuza vitenge, anajulikana mji mzima, amemshika msichana mkono. Msichana aliitwa Lilian, mwalimu wa chekechea huko Awendo. Alikuwa ameposwa na Tobias, karani wa mizani ya miwa, na mama huyu wa vitenge alikuwa shangazi yake Tobias aliyemlea tangu utotoni. Kwa Kijaluo shangazi ni waya, na kila mtu pale sokoni alimwita Waya.

"Nyar Homa Bay, nimekuletea bibi arusi," alisema. "Mchubue. Arusi iko karibu."

Nikamkalisha Lilian mwangani. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, laini, imetulia, bila chunusi wala doa.

"Waya, hapa hakuna kitu cha kuchubua."

"Kuna weusi. Picha zitatoka giza tupu. Hata Tobias amesema."

"Bango umelisoma?"

"Nimelisoma. Nikadhani ni la watu wengine."

Nikamgeukia Lilian mwenyewe, nikamwuliza anataka nini. Alitazama mikono yake. "Nataka Waya afurahi," alisema.

"Hilo silo la ngozi," nikamjibu. "Nenda nyumbani, oga, paka mafuta, olewa."

Waya aliinuka. Alisema najiona daktari, kwamba mji una watu wengi wanaojua kazi, na kwamba nitalamba vumbi la Migori. Kisha akamvuta msichana wakatoka. Niliwaona wakielekea upande wa stendi, na nikajua wanakwenda wapi, kwa sababu huko kulikuwa na mwanaume aliyevaa koti jeupe na kujiita Daktari wa Sura. Nilitoka nikawaita. Lilian aligeuka, Waya hakugeuka.

Lilian alirudi peke yake asubuhi ya wiki iliyofuata, amejifunika leso kichwa kizima kama mtu aliyefiwa. Nilikuwa nafungua mlango. Akaifunua. Mashavu yote mawili yalikuwa yameungua na kutoa maji, midomo imevimba, na jicho la kushoto lilikuwa limebaki mstari.

"Alisema ikiuma ndiyo inafanya kazi," Lilian alisema. "Nikavumilia, Dada. Nilivumilia sana."

Sikumpaka chochote. Wasichana wangu, hili mlishike: uso ulioungua namna hiyo unapita hospitali kwanza. Tulikwenda, afisa wa kliniki akamchunguza jicho, akasema kioo cha jicho hakikuguswa, akampa dawa za kuzuia usaha. Aliniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia mimi ndiye nitakayeutunza ule uso. Tukakaa tukaelewana nini kipakwe na nini kisikaribie, na tangu hapo tulifanya kazi pamoja mpaka alipohamishwa.

Nikamchukua Lilian nyumbani kwangu. Hakutaka kurudi Awendo watoto wa chekechea wamwone. Nilimwosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nikamkausha kwa kugusagusa bila kusugua, nikampaka mafuta ya mgando mazito ili ngozi isikauke ikapasuka. Alilala chali. Jikoni nilimkataza kabisa, hata mlangoni. Vidonda vilipoanza kupona kuwasha kukaja, na kuwasha ndiko kunakoleta makovu, kwa hiyo nilimvalisha soksi za mume wangu mikononi kila alipokwenda kulala. Kioo sikumficha. Niliwahi kuona watu wakificha kioo, na mgonjwa akajitengenezea kichwani uso mbaya kuliko ule alio nao. Kila asubuhi tulikitazama pamoja, namwuliza yale maswali ya Mama Yunia: wapi kumekauka, wapi ni kupya? Mwanzo alilia. Halafu akaanza kujibu.

Siku moja nilimwacha amelala nikaenda stendi. Wanawake walikuwa wamepanga foleni nje ya kile chumba. Nikamwita yule bwana wa koti jeupe.

"Ulimpaka Lilian nini?"

"Hiyo ni siri ya kazi, mama."

"Hospitali wanataka kujua. Jicho lilikuwa karibu kwenda."

"Ngozi yake ni mbaya. Wengine wangu wako sawa."

Nikaigeukia foleni. Nikawaeleza kwa sauti, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, nilichokiona chini ya leso ile, bila kutaja jina la msichana. Alinitisha na chifu, alinitisha na vijana wa stendi, na kijana mmoja alinisukuma kweli nikaanguka na kuchubuka goti. Nikainuka nikaanza hadithi upya kutoka mwanzo, kwa wale waliokuwa wamechelewa. Foleni ikayeyuka. Baadaye yule bwana alihamia mji mwingine. Sisemi aliacha kazi. Nasema alihama.

Arusi ikawa inakaribia na uso ulikuwa bado. Ngozi ya waridi ilikuwa imefunga mashavuni, nyembamba kama utando wa yai, vipande vyeusi vinatoka pembeni. Ndipo Waya akaja nyumbani kwangu na mfuko wa poda na krimu nzito za kuficha.

"Tutampaka hii," alisema. "Kanisa limeandikishwa, ng'ombe ameshanunuliwa, watu wanatoka mpaka Mombasa. Hakuna atakayejua."

"Ngozi itajua," nikamwambia. "Ukiziba ngozi changa hivyo kutwa nzima kwenye joto, itaoza. Atabaki na makovu maisha yake yote."

"Kwa siku moja tu!"

"Hata kwa wimbo mmoja. Mlango huu hazivuki."

"Wewe ni mama yake?"

"Hapana. Na wewe pia si mama yake."

Tulikuwa tunapigiana kelele, kusema kweli, majirani wamesimama kwenye ua. Lilian akatoka chumbani, soksi bado mikononi.

"Waya, arusi iendelee," alisema. "Nitaolewa na uso huu. Lakini kwanza Tobias aje auone."

Waya alikuwa amemwambia Tobias kwamba mchumba wake ana malaria. Kesho yake Tobias alifika na mfuko mkubwa wa machungwa, zawadi ya mgonjwa wa malaria. Alipomwona Lilian mfuko ukamponyoka, machungwa yakabingirika mpaka chini ya kochi. Alikaa.

"Nani amekwambia nataka mke brauni?" akauliza.

"Waya alisema umesema."

"Nilisema mara moja. Kuhusu picha. Nilikuwa natania, Lilian."

"Mimi sikuwa natania nilipokaa kwenye kile kiti."

Tobias akainamisha kichwa. Mimi nilitaka kuwaachia nafasi, lakini Lilian akaniashiria nibaki. Alimwambia kama anaona haya aseme sasa, mbele ya shahidi, na yeye atarudi kwa watoto wake wa chekechea na maisha yataendelea. Tobias alisema haoni haya ya uso, anaona haya ya mdomo wake. Kisha akaniuliza mimi, kwa adabu sana, afanye nini jua lisimguse bibi arusi. Nikamwambia atafute mwavuli mpana, wa rangi nzito, na asimwachie mtu mwingine kuushika.

Siku ya arusi nilimwandaa mwenyewe. Maji, mafuta kidogo, halafu ile zinki kwenye mashavu na pua, nyeupe pee. Alionekana kama mtu aliyetoka kusaga unga. Shela tuliishusha njiani kwa sababu ya vumbi. Tobias alimpokea nje ya kanisa chini ya mwavuli mweusi wa mazishi, ndio pekee aliopata wa ukubwa huo, na watu wakanong'ona hadi ndani, mpaka pasta akapiga meza.

Ibada ilipokwisha, mpiga picha aliwapanga kwenye ngazi. Lilian akainua shela. Mpiga picha akaondoa jicho kwenye kamera, akamkaribia, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tushushe kidogo? Zinatoka vizuri hata hivyo."

"Iko sawa ilivyo," Lilian alisema.

"Lakini uso…"

"Ndio ninaoolewa nao. Piga."

Akapiga. Waya hakuingia kwenye picha hiyo. Alisema anaangalia pilau.

Uso ulipona. Rangi yake ilirudi, isipokuwa doa moja chini ya jicho la kushoto, na nilipomwambia naweza kulipunguza polepole alikataa, akasema halimdai kitu. Alirudi kufundisha akiwa na kofia. Watoto walipomwuliza aliwaeleza ukweli wote, na watoto wakaenda kuwaeleza mama zao, na mama zao wakaanza kuja kwangu na mifuko ya sabuni na krimu wakiniuliza ipi itupwe. Nyingi zilitupwa. Wenye maduka ya vipodozi walianza kuvuka barabara wakiniona, na mimi nilikuwa nawasalimu kwa majina, kwa sauti, ili wajue nimewaona.

Mwaka wa mwisho kabla ya ile miaka ya elfu mbili kuingia, Waya alikuja saluni. Alisubiri mpaka wateja wote wakaondoka. Akavua kilemba, akachukua kitambaa, akafuta poda. Chini yake paji la uso na mashavu vilikuwa vimegeuka mabaka, mekundu hapa, ya kijivujivu pale, na mishipa inaonekana. Si kazi ya wiki moja. Ilikuwa ni kazi ya miaka.

"Usinihubirie," alisema. "Fanya kazi yako."

"Waya, kuhubiri ndiyo nusu ya kazi yangu. Umetumia nini?"

Alitaja. Nilimwuliza na nyingine, akataja na nyingine, tangu alipokuwa bibi arusi yeye mwenyewe. Nilimweleza kwamba asidi simpaki kamwe, ngozi yake haina cha kupunguzwa tena. Tutaziacha zile krimu taratibu, itamwasha, itamkasirisha, atanitukana, na kila jioni atapaka mafuta na asubuhi atavaa kofia, hata pale sokoni kwenye vitenge, hata wakimcheka.

Alijitazama kwenye kioo changu kikubwa.

"Nitakuwa mweusi tena?" aliuliza.

Sikujua kama anaogopa au anaomba. Nikamjibu hata hivyo.

"Ndiyo, Waya. Mweusi kabisa."

Akakilaza kichwa kwenye kiti.